Rangi, Jua na Herufi: Sayansi ya Vibao Vilivyoandikwa kwa Mkono

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, Magomeni au Temeke jijini Dar es Salaam hukutana na maandishi kila upande. Kinyozi amechorewa ukutani vichwa vya wateja pamoja na mitindo ya nywele. Fundi baiskeli ameandikiwa kazi zake juu ya kipande cha bati. Mwenye hoteli ana ubao wenye orodha ya vyakula mlangoni. Kwa miaka mingi maandishi ya namna hiyo yalifanywa kwa brashi, rangi ya mafuta na mkono wa fundi. Tangu miaka ya 2000 mashine zinazochapa mabango ya plastiki zimewapunguzia mafundi hao kazi, na vibao vya zamani vinaondolewa kimoja baada ya kingine, mara nyingi bila ya kuwekewa kumbukumbu yoyote.

Vibao hivyo vyafaa kuchunguzwa kabla havijatoweka. Fundi wa vibao hutumia kila siku kanuni za fizikia na kemia ambazo wanafunzi wa sekondari hujifunza darasani, ingawa yeye huzijua kwa mazoea ya kazi. Makala haya yanaeleza jinsi herufi zinavyosomeka kwa mbali, jinsi rangi ya mafuta inavyokauka na kushika, na kwa nini rangi nyingine hufifia mapema na nyingine hudumu. Mwishoni inaelezwa hatari moja iliyojificha katika rangi za zamani, ambayo mwalimu na mwanafunzi hawana budi kuifahamu kabla ya kugusa kibao chochote cha kale.

Asili ya maandishi ya mitaani

Desturi ya kuandika juu ya majengo si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Milango ya nakshi ya Zanzibar mara nyingi huwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya kizingiti. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya herufi za Kirumi kuenezwa na wamisionari, na baadaye na serikali za Kijerumani na Kiingereza. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, na moja ya kazi zake ilikuwa kusanifisha tahajia. Kwa hiyo kibao cha zamani ni ushahidi wa historia ya lugha: huonyesha jinsi watu wa mtaa walivyoandika maneno, walivyoyakata yasipoenea, na majina waliyozipa kazi zao.

Vilevile ipo hati ya undugu kati ya vibao na sanaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, za aina iliyotumiwa kupaka baiskeli, juu ya mbao nyembamba za bei nafuu. Vifaa hivyo havikutofautiana sana na vile vya mwandishi wa vibao.

Herufi na jicho

Kazi ya kwanza ya kibao ni kusomeka. Uwezo wa jicho kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu una mpaka. Jicho lenye afya, katika mwanga wa kutosha, huweza kutenganisha mistari miwili ikiwa pembe iliyo kati yake, inapopimwa kutoka jichoni, si chini ya dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitumia kanuni hiyo kutengeneza chati ya kupimia macho ambayo bado hutumika hospitalini. Katika chati hiyo herufi ambayo jicho la kawaida linaweza kuisoma huwa na kimo cha dakika tano za pembe.

Kwa hesabu ya trigonometria, dakika tano katika umbali wa mita 6 ni kama milimita 8.7. Kwa hiyo herufi yenye kimo cha sentimita 10 huwa na dakika tano ikiwa mbali kwa mita 69 hivi. Huo ni mpaka wa mwisho wa jicho zuri lililotulia. Barabarani mambo ni tofauti: msomaji anatembea au amo ndani ya gari, vumbi limetanda, na mwanga wa jua unametameta juu ya rangi. Tukichukua theluthi moja tu ya umbali huo, tunapata mita 23. Gari liendalo kilometa 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Basi abiria aliye ndani yake ana sekunde mbili tu na kitu cha kusoma kibao hicho.

Hapa lugha yenyewe humletea fundi mtihani. Maneno ya Kiswahili hubeba nafsi, wakati na kitendo kwa pamoja, na kwa sababu hiyo huwa marefu. Neno TUNATENGENEZA lina herufi 13. Kibao chenye upana wa sentimita 120, kikiachwa pambizo ya sentimita 10 kila upande, hubakiza sentimita 100 kwa herufi zote, yaani chini kidogo ya sentimita 8 kwa kila herufi pamoja na nafasi yake. Herufi zikiwa na umbo la kawaida, kimo chake hakitazidi sana sentimita 10. Akitaka herufi kubwa zaidi, fundi hana budi kuzibana, kulikata neno, au kuandika VIATU peke yake na kuchora kiatu kando yake. Kwa hiyo picha katika kibao si pambo tu. Mchoro wa kiatu hutambulika kutoka mbali kuliko neno, na hata asiyejua kusoma huuelewa.

Kipimo cha rula pekee hakitoshi. Herufi O ikiandikwa kwa kimo kilekile hasa cha herufi H, huonekana fupi, kwa sababu O hugusa mstari wa juu na wa chini katika nukta moja tu. Fundi mzoefu huipitisha kidogo juu na chini ya mistari. Mstari wa kulala nao huonekana mnene kuliko wa kusimama wenye unene uleule, kwa hiyo huchorwa mwembamba kidogo. Katika neno MAVAZI, herufi A na V zikitenganishwa kwa umbali sawa na Z na I, huonekana kama zimeachana, maana pande zake zimelala sambamba na kuacha uwazi mpana kati yake. Hivyo fundi hupima eneo la uwazi kati ya herufi, wala hapimi umbali kati ya ncha zake.

Kuhusu rangi, linalosaidia zaidi usomaji ni tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mahali ilipoandikwa. Nyeusi juu ya njano na nyeupe juu ya buluu iliyokoza husomeka vizuri. Nyekundu juu ya buluu huchosha macho, kwani lenzi ya jicho hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na rangi hizo mbili haziwezi kukaa sawasawa kwenye retina kwa wakati mmoja. Njia rahisi ya kupima kibao ni kukipiga picha isiyo na rangi, yenye weusi na weupe tu. Herufi zikipotea katika picha hiyo, kibao hakitasomeka vizuri kwa mbali, hata kama rangi zake zinavutia kwa karibu.

Rangi ya mafuta ni kitu gani?

Rangi ya mafuta ina sehemu tatu kubwa. Ya kwanza ni unga wa rangi, yaani chembe ndogo sana zisizoyeyuka, ambazo huipa rangi sura yake. Ya pili ni kishikizi, ambacho huziunganisha chembe hizo pamoja na kuzigandisha juu ya ubao. Katika rangi nyingi za madukani kishikizi hicho ni alkidi, inayotengenezwa kwa kutumia mafuta ya mimea. Ya tatu ni kiyeyushi, kama tapentaini au tina, ambacho huifanya rangi iwe nyepesi kupakika.

Watu wengi hudhani kwamba rangi ya mafuta hukauka kama nguo iliyoanikwa. Ukweli ni kwamba kuna hatua mbili. Kwanza kiyeyushi huvukiza, na rangi huacha kutiririka. Kisha oksijeni ya hewa huingia katika kishikizi na kuunganisha molekyuli zake moja kwa nyingine mpaka zikawa wavu mmoja mgumu. Hatua hii ya pili ni badiliko la kikemia, na ndiyo sababu rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka hairudi kuwa uowevu hata ikimwagiwa tapentaini. Ndiyo sababu pia rangi iliyobaki koponi huota ngozi juu, mahali inapogusana na hewa.

Ukuta, bati na sabuni

Mara nyingine kibao kipya huanza kubambuka baada ya miezi michache tu, na mwenye duka humlaumu fundi kwamba ametumia rangi hafifu. Mara nyingi kosa liko chini ya rangi.

Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba mafuta yakichanganywa na alkali hutoa sabuni. Saruji mpya ina chokaa, nayo ni alkali kali. Ukuta uliopigwa plasta karibuni ukipakwa rangi ya mafuta wakati bado una unyevu, alkali hiyo hupenya na kuushambulia mkate wa mafuta uliomo katika kishikizi. Kinachotokea ni sabuni, na sabuni haishiki ukutani: rangi hulainika, hunata, kisha hutoka vipande vipande. Dawa yake ni subira. Ukuta uachwe ukauke kwa majuma kadhaa, kisha upakwe kwanza rangi ya msingi inayostahimili alkali.

Bati jipya lina tatizo linalofanana na hilo. Bati ni chuma kilichofunikwa kwa zinki ili kisishike kutu. Zinki hiyo, ikisaidiwa na unyevu, huungana na asidi za mafuta zilizomo katika alkidi na kufanya sabuni ya zinki katikati ya rangi na bati. Tabaka hilo jembamba ndilo linalosababisha rangi kubanduka kama ganda la kitunguu. Hii ndiyo sababu mafundi wengi hupendelea bati lililokaa nje kwa muda mrefu, au hulisugua bati jipya kwa msasa na kulipaka rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Katika miji ya pwani chumvi ya bahari huongeza balaa: hunyonya unyevu wa hewa, na penye mkwaruzo uliofika kwenye chuma kutu huanza na kutambaa chini ya rangi.

Jua na kufifia kwa rangi

Mwanga husafiri katika mafungu madogo ya nishati, na kadiri urefu wa wimbi unavyokuwa mfupi ndivyo kila fungu linavyokuwa na nishati kubwa. Mwanga mwekundu wenye wimbi la nanometa 700 una nishati ya kilojuli 171 hivi kwa moli. Mwanga wa zambarau wa nanometa 400 una kilojuli 299. Miali ya urujuanimno ya nanometa 300, ambayo jicho haliioni, ina kilojuli 399. Kifungo cha kawaida kati ya atomu mbili za kaboni huhitaji kama kilojuli 348 kwa moli ili kivunjike. Ni dhahiri, basi, kwamba miali ya urujuanimno ina uwezo wa kuvunja vifungo vya molekyuli za kishikizi na za unga wa rangi, ambapo mwanga mwekundu hauna uwezo huo.

Kwa nini basi maandishi mekundu hufifia kabla ya yale ya buluu? Kitu chekundu huonekana chekundu kwa sababu kinanyonya mwanga wa buluu na kijani na kurudisha mwekundu. Kwa maneno mengine, unga mwekundu hupokea ile sehemu ya mwanga yenye nishati kubwa zaidi, na unga wa buluu hupokea ile yenye nishati ndogo. Hata hivyo hiyo si sababu pekee. Umbo la molekyuli lina uzito mkubwa zaidi. Rangi nyingi nyekundu na za njano za bei nafuu ni za jamii ya azo, ambazo nyingi kati yake huvunjika kwa urahisi juani. Buluu inayotumika sana leo ni ya jamii ya ftalosianini, yenye atomu ya shaba katikati ya pete imara ya kaboni na naitrojeni. Jamii hiyo ilionekana kwa bahati katika kiwanda kimoja huko Uskoti mwaka 1928, na buluu yake ikaanza kuuzwa mwaka 1935. Hustahimili jua kwa miaka mingi. Ndiyo maana kibao cha zamani mara nyingi hubaki na buluu na nyeusi tu, na mahali palipokuwa na nyekundu huonekana alama hafifu ya waridi.

Nyeusi hudumu kwa sababu unga wake ni kaboni, ndugu wa masizi ya jikoni, ambayo mwanga hauwezi kuigeuza. Si nyekundu zote zilizo dhaifu. Ngeu, ambayo maseremala wameitumia tangu zamani kupigia mistari juu ya mbao, ni udongo wenye oksidi ya chuma. Chuma hicho kimekwisha kuungana na oksijeni, na jua halina la kukifanya zaidi. Fundi anayetaka maandishi mekundu ya kudumu, ingawa hayang'ai sana, huchagua nyekundu ya oksidi ya chuma.

Nyeupe ina mambo yake. Unga wake ni titani dioksidi, ambayo haififii yenyewe. Lakini ikipigwa na miali ya urujuanimno penye unyevu, huchochea mabadiliko ya kikemia yanayokila kishikizi kilicho karibu nayo. Uso wa rangi huchakaa na kuacha unga mweupe unaoshika mkononi kama chaki.

Mwelekeo wa ukuta nao una maana. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya tarehe hizo, kwa miezi saba hivi, jua la adhuhuri huelekea kaskazini, na katika miezi mitano iliyobaki huelekea kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua kwa muda mrefu kuliko unaotazama kusini. Kuta za mashariki na magharibi nazo hupata jua la moja kwa moja mwaka mzima, asubuhi au alasiri.

Vivuli vya maandishi ya kale

Katika kuta za zamani huonekana mara nyingine maandishi juu ya maandishi, kama kwamba ukuta unakumbuka. Sababu yake ni rahisi. Herufi zilizopakwa rangi imara zilikinga sehemu ya ukuta iliyo chini yake, na sehemu iliyo wazi iliendelea kuliwa na jua na mvua. Hata rangi ya herufi ikiisha, tofauti ya uso hubaki. Tabaka la juu likichakaa, maandishi ya chini hutokeza tena.

Kuna njia mbili za kuyasoma bila ya kuyaharibu. Ya kwanza ni kuyapiga picha asubuhi au jioni, jua linapoangaza ukuta kwa upande, ili tofauti ndogo za kimo zitoe vivuli. Ya pili ni kunyunyiza maji kidogo. Uso uliochakaa una matundu madogo mengi yenye hewa, na mwanga hutawanyika ndani yake na kuuonyesha uso kuwa mweupe. Maji yakiyajaza matundu hayo, mwanga hutawanyika kidogo, kwa kuwa maji yanakaribiana zaidi na rangi katika jinsi yanavyopinda mwanga. Rangi iliyofifia hukoza kwa dakika chache, na picha ikapigwa kabla maji hayajakauka.

Hatari ya risasi

Njano kali, rangi ya machungwa na baadhi ya kijani katika rangi nyingi za zamani zilitokana na kromati ya risasi. Nyeupe ya kale ilikuwa kabonati ya risasi, na rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara nyingi ilikuwa oksidi nyekundu ya risasi. Madhara yake yalijulikana mapema: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kudhibiti nyeupe ya risasi katika upakaji wa rangi ndani ya majengo. Hata hivyo rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi baadaye.

Risasi hudhuru ubongo, damu na figo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi chake mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima wanapomeza kiasi kilekile. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira unapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, yaani miligramu 90 za risasi katika kila kilo ya rangi kavu. Macho hayawezi kutambua rangi yenye risasi. Ni maabara tu iwezayo.

Rangi iliyotulia ukutani haina hatari kubwa. Hatari huanza inaposuguliwa kwa msasa mkavu au kuchomwa kwa moto, maana vumbi na mafusho yake huingia mapafuni na kutua juu ya nguo, vyakula na sakafu wachezapo watoto. Fundi asugue kwa maji, afunike pua na mdomo kwa kinga inayofaa vumbi laini, asile wala kuvuta sigara kazini, aoge na kubadili nguo kabla ya kuwashika watoto, na awaweke watoto mbali na mahali pa kazi.

Kazi kwa wanafunzi

Kazi zifuatazo zaweza kufanywa na darasa lolote. Ni marufuku kukwangua rangi ya zamani.

1. Chagueni mtaa mmoja. Pigeni picha vibao vyote vilivyoandikwa kwa mkono, mkipata idhini ya wenyewe. Andikeni tarehe, mahali, upande ambao kibao kinatazama, rangi zake na maneno yake kwa tahajia ileile iliyotumika.

2. Pimeni kimo cha herufi za kibao kimoja. Kokotoeni umbali wa mpaka wa jicho kwa dakika tano za pembe, kisha tafuteni kwa kutembea umbali ambao wanafunzi kumi husoma kwa urahisi. Linganisheni.

3. Pakeni vipande vinne vya mbao kwa rangi mpya isiyo na risasi: nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Funikeni nusu ya kila kipande kwa karatasi ya alumini, na viwekeni juani kwa miezi sita. Fungueni na mweleze tofauti.

4. Rudieni jaribio la tatu katika kuta mbili, moja ikitazama kaskazini na nyingine kusini.

Kumbukumbu ya kazi ya kwanza ihifadhiwe katika maktaba ya shule na kurudiwa kila mwaka katika mtaa uleule. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na takwimu zake yenyewe za kufifia kwa rangi, na mtaa utakuwa na orodha ya maandishi ambayo huenda wakati huo mengi yake yamekwisha kuondolewa ukutani.